Mzazi Amuuliza Ofisa Elimu: Nani Alifundisha Hisabati?

Kwa Ofisa Elimu Sekondari wa Halmashauri,

Barua hii inatoka kwa mama mmoja ambaye binti yake amemaliza Kidato cha Nne katika shule ya sekondari ya kata. Jina la shule ameona asilitaje hadharani, kwa kuwa walimu wachache waliobaki pale wanajitahidi na hawastahili kuanikwa. Ofisa Elimu anaijua shule yenyewe, na barua za awali za mzazi huyu, zilizopitia kwa mkuu wa shule na kwa ofisi ya kata, zimo kwenye mafaili yake. Hii ameiandika wazi kwa sababu swali lililomo si la nyumba moja.

Binti amepata foo, yaani daraja la nne, ya pointi 29. Kwa asiyezoea kuyasoma matokeo ya Baraza la Mitihani, hesabu yake ni hivi: huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ikawa pointi moja, B mbili, C tatu, D nne na F tano. Binti ana C ya Kiswahili, D za Uraia, Historia, Kiingereza na Baiolojia, halafu F mbili, ya Jiografia na ya Hisabati. Katika taarifa ya halmashauri anahesabiwa miongoni mwa waliofaulu. Kidato cha Tano hakimpokei, maana kinataka angalau C tatu naye anayo moja. Hata mwenye D mbili na F tano hufikisha pointi 33 na kuingia daraja la nne, na D yenyewe huanzia alama 30 kati ya 100.

Katika kikao cha wazazi baada ya matokeo kutoka, taarifa iliyosomwa ilisema ufaulu wa shule umepanda. Watu wakapiga makofi. Mama huyu alisimama akauliza ni wangapi waliopata daraja la kwanza mpaka la tatu, na Hisabati wamefaulu wangapi. Jibu alilopewa ni kwamba simu zimewaharibu watoto na wazazi hawafuatilii. Kisha ajenda ikahamia kwenye uzio.

Yeye alifuatilia. Alirudi nyumbani akakusanya madaftari yote ya Hisabati, akayapanga mezani kwa mwaka. La Kidato cha Kwanza na la Pili yamejaa, yana tiki nyekundu, yana tarehe, yana masahihisho. La Kidato cha Tatu linakwenda vizuri mpaka mada ya duara, halafu mwandiko unabadilika. Kurasa zilizobaki zimenakiliwa kutoka kwenye daftari la mwanafunzi wa shule nyingine: mifano mitupu, bila zoezi wala tiki. Mada ya dunia kama tufe haimo kabisa. Daftari la Kidato cha Nne lina trigonometria kidogo, na baada ya hapo ni karatasi nyeupe.

Maelezo yake yanajulikana kijiji kizima. Mwalimu wa Hisabati alihamishwa katikati ya muhula na hakuletwa mwingine. Wazazi wakachangishana kumlipa kijana mhitimu wa chuo aliyekuwa akijitolea. Kijana alifundisha kwa moyo, wanafunzi wakampenda, akapata ajira serikalini kwingineko, akaondoka. Hakuna mwenye haki ya kumlaumu.

Ofisa Elimu atasema, na atakuwa anasema kweli, kwamba Hisabati ni tatizo la nchi nzima. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2022, karibu asilimia 88 ya watahiniwa walifaulu, lakini waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa takribani asilimia 37. Maana yake nusu nzima ya watahiniwa wa Tanzania waliishia daraja la nne. Hisabati alifaulu mmoja katika kila watano. Mzazi anazijua takwimu hizo na hazimpunguzii swali. Zinalifanya kuwa zito zaidi, kwa sababu wilaya ikishazoea kwamba wanne kati ya watano wataanguka, mwalimu wa Hisabati akiondoka hakuna anayeshtuka.

Nchi hii iliwahi kushtuka. Februari 2013, matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012 yalipotangazwa na watahiniwa sita hivi katika kila kumi wakawa na daraja sifuri, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mei mwaka huohuo Serikali ililiambia Bunge kwamba imeyafuta matokeo hayo ili yapangwe upya, na hata yalipopangwa upya zaidi ya nusu walibaki na sifuri. Baadaye ukaja mfumo wa wastani wa pointi badala ya madaraja, ukaachwa, madaraja yakarudi. Tangu wakati huo sifuri zimepungua sana, na ni jambo la kushukuru. Ila mtoto aliyetoka kwenye sifuri akafika pointi 32 bado amefungiwa mlango uleule wa Kidato cha Tano, na hakuna tume iliyoundwa kwa ajili yake.

Wazazi wa kata hii wana sababu ya kuipenda shule yao. Ilizaliwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, na wao ndio waliosomba mawe na mchanga wa madarasa ya kwanza. Januari 2016, Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipoanza kutumika na ada ya shilingi 20,000 ya shule za kutwa ikafutwa, watoto waliokuwa wakichunga walivaa sare. Mama huyu anayataja haya ili ieleweke kwamba haandiki kwa chuki dhidi ya shule wala Serikali. Anaandika kwa sababu madarasa yamejaa na kipindi kinapita bila mtu mbele ya ubao.

Kuna pia suala la lugha, ambalo kikaoni huwa halifiki. Mtoto husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza anaikuta Baiolojia kwa Kiingereza. Binti huyu anaweza kueleza mzunguko wa damu kwa Kiswahili bila kukwama; karatasi ya mtihani haikumuuliza kwa Kiswahili. Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali, na udhaifu wa Kiingereza hutajwa humo mara kwa mara kama sababu ya kuanguka. Taarifa hizo ziko wazi kwa kila mtu. Je, walimu wa shule hii wamewahi kukalishwa wazisome pamoja, na karatasi za maswali zikiwa mkononi?

Mzazi anajua kwamba kuajiri walimu si kazi ya halmashauri. Kuwapanga waliopo ni kazi yake. Mwalimu akihama ndani ya wilaya, uhamisho huo hupita mezani kwa Mkurugenzi, na Ofisa Elimu ndiye mshauri wake. Anaombwa, basi, asipendekeze uhamisho wa mwalimu pekee wa somo kabla mbadala hajaripoti. Shule jirani yenye walimu watatu wa Hisabati inaweza kumtoa mmoja kwa siku mbili za wiki. Nauli ya bodaboda wazazi wako tayari kuichanga, kwa kibali na kwa risiti.

Pia anaomba daftari la darasa, lile ambalo kiranja huandika kila kipindi na mwalimu akatia sahihi, lifikishwe kwenye bodi ya shule kila mwisho wa mwezi, ijulikane vipindi vingapi vya Hisabati vilipangwa na vingapi vilifundishwa. Na ripoti ya Uthibiti Ubora wa Shule isomwe kwenye kikao cha wazazi kwa Kiswahili cha kawaida, isifungiwe kabatini. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, na mama huyu aliona ni uamuzi mwema, kwani shule za kata hazikuwahi kushindana kwa usawa na zile zinazochagua wanafunzi. Lakini kwa kuwa jedwali hilo halipo tena, wazazi wanahitaji taarifa ya shule yao wenyewe kwa madaraja na kwa masomo, pamoja na ya mwaka uliotangulia ili waweze kulinganisha.

Mdogo wake binti yuko Kidato cha Pili katika shule hiyohiyo, na Novemba atafanya upimaji wa kitaifa. Hisabati wanafundishwa na mwalimu wa Jiografia, pale anapopata nafasi. Kikao kijacho cha wazazi kinaweza kuitishwa siku ya Jumapili mchana, kwani Jumamosi wengi wako gulioni, na Ofisa Elimu anakaribishwa aje mwenyewe, na orodha ya walimu wa Hisabati wa wilaya nzima mkononi, shule kwa shule.