Si kila RAM ya bei chee itakubali

Mwandishi, makala yako ya kuongeza RAM ni nzuri, ila umepita haraka mno kwenye suala la Windows. Ile ya biti 32 kwenye kompyuta za kawaida haivuki GB 4 hata ukichomeka 8, na hizo 4 zenyewe utaona 3 na ushee tu, maana vifaa kama kadi ya picha vinakula sehemu ya anwani. Watu wanalipa halafu wanamlaumu fundi. Jingine ni hizi DDR2 za GB 4 za bei ya kutupa. Jirani yangu mwenye steshenari ana Dell OptiPlex 755 ya mtumba, akauziwa mbili, mashine ikawa inalia tu, skrini nyeusi. Nilipoisoma lebo nikakuta ni zile za madabodi za AMD pekee, na yake ni ya Intel. Duka likakataa kurudisha hela! Tukaweka nne za GB 2 zilizotolewa kwenye mashine nyingine, zikasoma zote.

Na wewe uliyeandika hapo juu kwamba DDR3 inaingia kwenye DDR2 kwa kuwa pini ni 240 zote, acha kupotosha wenzako. Pengo la katikati haliko mahali pamoja, na umeme ni volti 1.5 dhidi ya 1.8. Ukilazimisha utavunja sloti. Jamani, chomoeni kwanza ile ya zamani, msome lebo yake, muende nayo dukani, na msilipe kabla haijajaribiwa kwenye mashine yenu.