Ukame nao huleta mbu: tuitazame mitungi yetu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu msomaji, mazungumzo ya mbu katika nyumba zetu huanza na masika. Mvua zikianza kumwagika tunatafuta vyandarua, tunafukia madimbwi, na imamu hutukumbusha usafi wa mitaro. Mvua zikikatika, habari ya mbu nayo hukatika. Wiki hii napenda tuutazame msimu tunaousahau, msimu wa kiangazi na uhaba wa maji, kwa sababu yapo maradhi ya mbu yanayouandama ukame kama mengine yanavyoiandama mvua.

Mbu si wa namna moja. Anofelesi, abebaye malaria, hupenda madimbwi ya wazi yanayopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya kufyatulia matofali, majaruba ya mpunga. Huyu kweli ni mtoto wa mvua, ingawa gharika yenyewe huwakokoa viluwiluwi wake, na idadi yake hupanda baadaye, maji yanapotulia. Kuleksi huridhika na maji machafu ya vyoo na makaro, na katika pwani yetu ndiye aliyeeneza matende na mabusha kwa miaka mingi. Wa tatu ni Aedesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu anataka maji yasiyo na uchafu mwingi, yaliyotuama kivulini, karibu na watu. Kwa maneno mengine, anataka mtungi, pipa, tangi na ndoo ya nyumbani. Ndiye abebaye chikungunya na homa ya dengue, ambayo wazee waliiita kidingapopo.

Kisa cha Lamu kinafaa kukumbukwa na kila mkazi wa pwani. Katikati ya mwaka 2004 mji ule mkongwe uliingiwa na homa ya ghafla, iliyoandamana na maumivu ya viungo makali kiasi cha mtu kushindwa kusimama. Ilikuwa chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban watu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa. Watafiti walipopitia kumbukumbu za hali ya hewa, waliona kwamba miezi iliyotangulia ilikuwa ya ukame na joto lisilo la kawaida. Maji yalipoadimika, watu waliyahifadhi majumbani, na vyombo vikakaa muda mrefu bila kubadilishwa maji. Mbu akapata makazi hatua chache kutoka kitandani. Mwaka huohuo ugonjwa ukafika Mombasa, na mwaka uliofuata ukavuka bahari hadi Komoro na kisha kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya watu laki mbili waliugua.

Kisa hicho kilikuwa na mtangulizi wake kusini mwa Tanganyika. Jina lenyewe, chikungunya, limetoka katika Kimakonde, na maana yake ni kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu. Maradhi haya yalielezwa na matabibu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 hadi 1953 katika uwanda wa Makonde, wilayani Newala. Huko juu maji yalikuwa ya shida. Wanawake waliyafuata mbali bondeni, na kila tone lililofika nyumbani lilitunzwa. Hivyo maradhi haya yalipewa jina na watu waliokuwa na uhaba wa maji, wala si na watu wa mabwawa na mito.

Siri ya mbu huyu imo katika mayai yake. Jike huyabandika kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi mingi. Pipa linaweza kukauka kabisa, likakaa pembeni mwa ua tangu kiangazi mpaka masika, na siku litakapojazwa, maji yakayafikia mayai, viluwiluwi wakatoka. Katika joto letu, safari ya kutoka yai hadi mbu arukaye huchukua takriban siku 7 hadi 10. Joto hilohilo huharakisha pia kukomaa kwa virusi ndani ya mwili wa mbu, hata akaweza kuambukiza mapema zaidi.

Kwa hiyo ukame na mvua hushirikiana. Jiji la Dar es Salaam lilipopatwa na kidingapopo mwaka 2014, na tena mwaka 2019, wagonjwa waliongezeka katika miezi ya masika, kwa kuwa mvua ilijaza matairi, makopo na vifuu vilivyotupwa uani. Kiangazi nacho hutufanya tujaze mapipa sisi wenyewe. Mwenye kungojea mvua ndipo aanze kupambana na mbu huyu amekwisha kuchelewa, maana mayai yanamsubiri ukutani.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa uzoefu. Katika nyumba za mawe na misikiti ya kale ya Lamu, birika la maji liliwekewa samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Sakafuni mwa birika wajenzi walizika bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wabaki na mahali pa kujihifadhi. Yaani waliufikiria ukame tangu siku ya kujenga, wala hawakuona kwamba samaki hao wanayaharibu maji ya udhu.

Na juu ya hekima ya wazee tunayo mafundisho ya Mtume (S.A.W.). Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) amri ya kufunika vyombo na kufunga viriba vya maji, na humo maradhi yametajwa kuwa ni sababu. Sidai kwamba hadithi hiyo inazungumzia mbu. Nasema tu kwamba mwenye kufunika mtungi wake kwa kuifuata Sunna amekwisha kumfungia mlango mdudu huyu.

Katika kikao cha kamati ya msikiti wetu, mzee mmoja aliuliza swali la haki. Alisema: maji tunayanunua kwa madumu, na dini inakataza israfu, vipi basi tuambizane kumwaga maji kila wiki? Jibu ni kwamba maji ya kutumia hayamwagwi. Yamiminwe katika chombo kingine yakipita kwenye kitambaa safi kilichofumwa vizuri, nacho kitawazuia viluwiluwi. Chombo kikiwa kitupu, kuta zake za ndani zisuguliwe kwa nguvu kwa brashi au kumbi la nazi, hasa pale penye alama ya usawa wa maji. Kisuuzwe kwa maji kidogo, na hayo yamwagwe penye mchanga mkavu. Kisha maji yarudishwe na kifuniko kibane. Kusuuza peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai yamegandamana na ukuta. Tangi kubwa lisiloweza kumiminwa lifunikwe vizuri, na bomba lake la kutolea maji yanayozidi lifungwe wavu mwembamba.

Kazi hii ikifanywa kila Alhamisi, tunapojitayarisha kwa Ijumaa, viluwiluwi hawatapata muda wa kuota mbawa. Si kazi ya mama peke yake. Baba na vijana ndio wenye nguvu ya kuinamisha pipa, na watoto wana macho makali ya kuona viluwiluwi wanaochezacheza majini.

Msikitini nako kuna taklifu hiyohiyo. Kamati yetu imekubaliana kwamba tangi la udhu, mapipa ya vyooni na ndoo za madrasa viangaliwe kila Alhamisi baada ya Alasiri, na makopo ya kutawadhia yalazwe kifudifudi yasipotumika. Aedesi huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama, saa ambazo watoto wamekaa madrasa. Chandarua cha usiku hakimzuii, ingawa tusikiache kwa ajili ya malaria. Mtoto mchanga alalaye mchana naye atandikiwe chandarua.

Mtu akipatwa na homa, apimwe. Kipimo kikionyesha hana malaria, asirudierudie dawa za malaria kwa kubahatisha, bali amwambie tabibu kwamba anahofia kidingapopo au chikungunya. Kwa homa na maumivu, parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo salama. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe mpaka ijulikane kuwa si kidingapopo, kwani huweza kuzidisha kutoka damu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, au damu kwenye fizi na puani ni dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitalini, hata kama homa imeanza kushuka.

Ndugu zangu, tumezoea kuilaumu mitaro ya mji, na lawama hiyo ina mahali pake. Lakini mbu huyu kwa kawaida haendi mbali na alipozaliwa. Akimuuma mwanao, yumkini ametoka katika pipa lako au la jirani yako. Kanuni ya fiqhi inataka madhara yaondolewe, na haki ya jirani haihitaji kuelezwa kwa Muislamu. Tunapomwomba Allah atuteremshie mvua yenye kheri, tuhakikishe kwamba itakapofika haitayakuta mayai yakiingojea katika kuta za mapipa yetu.

Wabillahi tawfiq.