Taa za Chumba cha Reli Yetu

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu mliotutangulia katika shule hii, umezuka ubishi katika chama chetu cha reli ya mfano. Fedha za taa mlizotuchangia zipo. Lililobaki ni kuchagua taa zenyewe. Wengi wasema, "Taa ni taa. Tununue zenye mwanga mkali na bei ndogo." Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza yafaa tukumbuke tulichojenga. Mfano wetu ni wa njia iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Tumeujenga kwa kipimo cha 1 kwa 87, hata njia yenye upana wa mita 1 imekuwa ya milimita 12. Udongo wake ni mwekundu. Injini yake kubwa ni mfano wa zile Garratt 34 za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki na kupakwa rangi ya damu ya mzee. Moja yao, namba 5918 iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Basi wekundu ndio roho ya kazi yetu.

Sasa tuzitazame taa. Taa nyeupe ya LED huanza kwa mwanga wa buluu, ambao hupita katika unga wa manjano hata ukaonekana mweupe. Katika taa nyingi za bei ndogo wekundu ni haba ndani ya mwanga huo, na kitu chekundu hakiwezi kurudisha wekundu ambao hakikupewa. Udongo wetu utafanana na majivu. Ndiyo maana kwenye boksi huandikwa CRI, kipimo ambacho ukomo wake ni 100. Taa nyingi zina 80. Sisi tutafute 90 au zaidi. Tena tuulize R9, kipimo cha nyekundu iliyokolea, maana hakimo katika hesabu ya CRI.

Pili, iko namba ya kelvini. Taa ya 2700 ni ya manjano kama ya sebuleni. Ya 6500 ina ubuluu, nayo huwafanya watu waidhanie kuwa kali zaidi. Naona 4000 yatufaa, na zote ziwe za namna moja. Mafundi wetu wa rangi nao wapakie chini ya taa hizo hizo, kwani rangi mbili zilizolingana chini ya taa moja huweza kuachana chini ya nyingine.

Wako wanaotaka balbu za zamani za waya, kwa kuwa CRI yake hukaribia 100. Hilo ni kweli. Lakini balbu 8 za wati 60 hula wati 480, na sehemu kubwa huishia kuwa joto tu. LED 8 za wati 9, zenye mwanga unaokaribia huo, hula wati 72. Umeme wetu ni wa jua, hutunzwa katika betri. Wati tutakazozifuja katika mchezo ndizo zitakazomkosesha taa mdogo wetu wa kidato cha kwanza asomaye usiku.

Mtasema taa nilizozitaja ni ghali. Naam, lakini wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Vijana wetu wamefanya kazi ya mihula miwili kwa brashi nyembamba. Si haki kazi yao ifichwe na taa mbaya.

Kwa hiyo naiomba kamati isinunue 8 kwa mara moja. Inunue moja ya kila namna, izitundike juu ya injini ile ile, kisha wanachama wote waitwe kutazama. Macho yetu yaamue kabla ya fedha kutoka.