Tujifunze Maneno: Pembe

Mwezi huu nimechagua neno ambalo kila mtoto wa Tarime na Serengeti hulijua kabla hajaliona kitabuni, nalo ni pembe. Nimelichagua kwa sababu liliniaibisha.

Nilipokuwa mwalimu kijana, nilichora ubaoni umbo la pembe tatu, nikamwuliza mtoto wa mfugaji mmoja, "Pembe ni nini?" Akajibu, "Ni ya ng'ombe, Mwalimu." Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Tangu siku ile mtoto yule hakuinua mkono tena. Kumbe mkosa nilikuwa mimi.

Maana pembe ni neno la kale katika jamaa ya lugha za Kibantu, na maana yake ya asili ndiyo hiyo aliyoitaja mtoto. Kutoka kichwani mwa ng'ombe lilihamia kwa tembo, ingawa kwa haki ile ya tembo ni jino. Ndiyo iliyobebwa mabegani mwa watu hata pwani, na mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuikataza biashara yake. Kisha likaitwa kila mahali palipochongoka: pembe ya meza, pembe ya shamba, hata Pembe ya Afrika kule Somalia. Babu zetu, waliojenga nyumba za msonge, hawakuwa na pembe nyumbani ila zizini.

Wala msidhani njia hii ni yetu peke yetu. Neno la Kiingereza "corner" lilitoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa, na kwa Kilatini "cornu" ni pembe ya mnyama. Basi sisi tusemao "kona" tumeazima pembe ya ng'ombe wa Warumi, na hali tunazo za kwetu! Waarabu nao huita pembe "qarn", na neno hilo hilo kwao ni miaka mia. Ndipo tulipopata "karne".

Tena someni Kutoka 27. Madhabahu ilikuwa mraba, nayo ilifanyiwa pembe juu ya pembe zake nne. Msomapo jioni, waulizeni watoto ipi ni ya kichwani na ipi ni ya umbo, wala msimcheke atakayekosea.

Mwaka jana nilimkuta yule mwanafunzi mnadani, mtu mzima mwenye watoto watatu. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mwalimu, kucheka nilikwisha kusahau. Lakini lile umbo hukuniambia hata leo kwa nini liliitwa hivyo." Nikachukua fimbo yake, nikalichora mavumbini, na juu ya kila ncha nikaweka kichwa cha ng'ombe. Akainama akalitazama kitambo, kisha akamwita mwanawe mkubwa aje aone.