Mbio za Hiari Si Anasa ya Walioshiba

Katika mji wa Goma imeota mizizi imani kwamba kukimbia kwa hiari, yaani kukimbia bila kufukuzwa na mtu wala kuwahi jambo, ni anasa ya watu walioshiba, na kwamba mtu mzima anayetoka nyumbani asubuhi na viatu vya mazoezi, ilhali majirani zake wanahangaikia maji na unga, anachezea nguvu ambazo mji wenye vita hauna za kuchezewa. Imani hiyo husikika kwa wazee, kwa wachungaji, kwa waajiri, na mara nyingi zaidi kwa ndugu wa mkimbiaji mwenyewe, tena hutamkwa kwa upole, kwa sauti ya mtu anayetoa shauri jema, na pengine ndiyo sababu imedumu miaka mingi bila kupingwa. Makala haya yanaipinga, kwa kuwa imekosea hesabu, na kwa kuwa watu wa kwanza kuumizwa nayo ni walewale wa hali ya chini ambao inadai kuwatetea.

Chimbuko lake halina haja ya kutafutwa mbali. Mtu wa Goma amezijua mbio kwanza kuwa njia ya kuiokoa roho. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia mjini na viungani mwake kwa siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu miongoni mwao. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo, volkano yenye kimo cha mita 3,470 inayouangalia mji kutoka kaskazini, ilipita katikati ya makazi hadi ziwani na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Tarehe 22 Mei 2021 mlima huohuo ulilipuka tena, na siku tano baadaye wakazi wa mitaa mingi wakaamriwa kuhama, wakajaza barabara ya Sake kwa miguu, wamebeba magodoro kichwani. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yaliuingiza mji mikononi mwa waasi wa M23. Mtoto aliyekimbizwa mgongoni mwa mama yake mwaka 2002 leo ni mtu mzima, na akisikia vishindo vya miguu nje ya dirisha kabla jua halijachomoza, hugutuka kwa sababu anazozijua. Hisia hiyo inastahili heshima yote. Haiwezi, hata hivyo, kugeuzwa kuwa kanuni ya matumizi ya nguvu za watu, na hapo ndipo watetezi wa imani hii wanapoteleza.

Wanaosema kwamba hakuna nguvu za kupoteza hawajazihesabu. Fiziolojia ya mazoezi, yaani elimu ya namna mwili unavyofanya kazi unapotumikishwa, inakadiria kwamba kukimbia hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wa mtu katika kila kilomita, kilokalori ikiwa ni kipimo cha nishati iliyomo katika chakula. Mtu mwenye kilo 60 akikimbia kilomita 5 atatumia kilokalori zipatazo 300, nazo zimo katika gramu zisizofika 100 za unga wa mahindi au wa muhogo, kiasi cha tonge chache za bugali. Gharama hiyo ipo wala haifai kufichwa: kwa aliyehamishwa na vita, anayekula mara moja kwa siku, unga huo ni mwingi, na hakuna mwenye busara atakayemtaka akimbie. Lakini imani inayojadiliwa hapa haiishii kwake. Inamtanguliza yeye kuwa ngao, kisha inamhukumu mwalimu, fundi cherehani, muuza vocha za simu na mwanafunzi wa chuo kikuu, watu wanaokula mara mbili kwa siku na ambao Jumapili jioni baadhi yao hununua chupa ya bia yenye bei kubwa kuliko unga wa mbio za wiki nzima. Bia hiyo haijapata kuitwa anasa.

Wala mpira wa miguu hauitwi hivyo. Timu ya DC Virunga inapocheza, hakuna anayesimama mlangoni mwa uwanja kuwauliza vijana kwa nini wanatumia nguvu huku mji ukiwa na shida. Na Tamasha la Amani, lililoanza mwaka 2014 kwa muziki na dansi, lilisifiwa, tena kwa haki, kwamba liliwapa watu nafasi ya kupumua. Tofauti iko wapi basi? Mpira na dansi vina watazamaji, na mtu aliye katikati ya wenzake hasumbuliwi kwa maswali. Mkimbiaji wa hiari yuko peke yake, hatafuti sifa, hana jezi ya mtaa wala kikombe cha kurudisha nyumbani, na kinachowaudhi watu ni kumwona mtu wa kawaida akijipa nusu saa iliyo yake mwenyewe. Nguvu zake ni kisingizio tu. Kinachohukumiwa ni ile nusu saa.

Imani hiyohiyo ina sura nyingine, ambayo hushikwa na watu wenye nia njema: kwamba mwenyeji wa Goma tayari anafanya mazoezi ya kutosha kwa kazi yake ya kila siku, na mfano unaotolewa daima ni mwendesha chukudu. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kinachosukumwa kwa mguu na kubeba mamia ya kilo za viazi, kabichi au makaa kutoka upande wa Kibumba, na kimeujengea mji jina kiasi kwamba sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimamishwa kwenye mzunguko wa barabara. Hakuna anayebisha kwamba kazi hiyo ni ngumu. Mazoezi, hata hivyo, katika maana ambayo makocha wanalitumia neno hilo, ni mzigo uliopimwa unaofuatwa na pumziko lililopangwa, na mwendesha chukudu hapimi mzigo wala hapangi pumziko: goti likiuma anasukuma, homa ikimpata anasukuma, maadamu watoto hawajala. Mwili haupati nguvu wakati unapochoka. Huzipata baadaye, katika chakula na usingizi, misuli inapojijenga upya na moyo unapozoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na pumziko likikosekana kinachobaki ni uchakavu. Kumwambia mtu wa namna hiyo, au mwanamke anayepandisha bidoni ya lita 20 kutoka ziwani pale Kituku, kwamba tayari amefanya mazoezi, ni kumlipa maneno matamu badala ya kumpa nafasi ya kupumzika.

Isitoshe, mfano huo unaficha jambo ambalo kila mpita njia anaweza kuliona. Kazi nyingi za mjini leo ni za kukaa: mshonaji yuko mbele ya cherehani, muuza duka nyuma ya meza, karani mbele ya kompyuta, na wamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, wako juu ya tandiko tangu asubuhi hadi usiku. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za shughuli ya wastani kwa wiki, au dakika 75 za shughuli nzito kama kukimbia, na dakika 75 ni mbio tatu za dakika 25. Shinikizo la damu na kisukari vinapomkuta mshonaji mwenye umri wa miaka 45, dawa zake hununuliwa mwezi baada ya mwezi, kwa kawaida maisha yake yote, katika mji ambao mwezi mmoja barabara ziko wazi na mwezi unaofuata zimefungwa. Anayeziita mbio anasa angelinganisha kwanza bei ya dawa hizo na ile ya unga wa mbio.

Maisha ya mkimbiaji huyo wa kawaida yakitazamwa kwa karibu, sura ya starehe inatoweka upesi. Goma iko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Kabla ya hapo giza si salama kwa mtu aliye peke yake, na saa mbili kazi inaanza. Ratiba yake haiamuliwi na bidii, inaamuliwa na mwanga. Fundi cherehani wa Ndosho anayekimbia mara tatu kwa wiki huenda mwendo mwepesi, ule unaomruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maandalizi ya mbio ndefu hujengwa kwa mwendo huo. Viatu vyake ni vya mitumba, na adui yao ni jiwe la lava, jeusi, lenye matundu na kingo kali, linalokwangua soli ya kisigino kwanza na kisha kufumua mshono wa pembeni, hadi fundi viatu aushone tena kwa uzi wa nailoni. Barabarani anatazama chini ili kifundo cha mguu kisiteguke, na wakati huohuo anasikiliza nyuma, kwa sababu pikipiki hupita pande zote mbili. Vumbi la majivu ya volkano humkaa kooni hadi mchana. Tena yuko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 16 kuliko pwani, na kila pumzi humletea oksijeni pungufu, hivyo hana sababu ya kujidharau muda wake ukiwa mrefu kuliko wa mkimbiaji wa Mombasa mwenye uwezo kama wake.

Magharibi ya mji, kuelekea Mugunga na Ziwa la Kijani, kuna hatari ambayo wakimbiaji wa miji mingine hawaijui. Ni mazuku, yaani mikusanyiko ya gesi ya kaboni dayoksaidi inayovuja kutoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, kutuama mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku usio na upepo na alfajiri kabla jua halijaipasha ardhi joto. Imeua mbuzi, imeua na watu. Saa inayomfaa mkimbiaji ndiyo saa ya gesi hiyo, kwa hiyo anayeishi upande huo hujifunza kubaki juu ya barabara kuu na kutokata njia bondeni, na akichoka hapumziki kwa kulala chini. Maarifa haya yanapatikana kwa mtu anayeipitia ardhi yake kwa miguu kila wiki, na ni vigumu kuona anasa iko wapi ndani yake.

Kuhusu vikwazo, wapinzani wa mbio wana hoja wanayoiamini sana: mkimbiaji akipata maumivu ya ugoko, au malaria ikimlaza, au risasi zikiufungia mji ndani kwa majuma, husemwa kwamba jasho lote limepotea bure. Ni kweli kwamba baada ya wiki mbili au tatu bila mazoezi uwezo wa mwili kutumia oksijeni huanza kushuka. Ni kweli vilevile kwamba hupanda tena, mradi mtu arudi kwa nusu ya umbali aliouacha na kuuongeza kidogo kidogo, bila kulazimisha mguu unaouma. Mtindo huu wa kukatika na kurudi ndio umbo la maisha yote ya Goma: duka hufungwa na kufunguliwa, shule husimama na kuendelea, na shamba lililoachwa hulimwa upya. Hakuna aliyewahi kumwambia mkulima wa Masisi aache kulima kwa sababu msimu uliopita alikimbizwa.

Uzito wa imani hii huwaangukia wanawake kuliko wanaume. Mwanamume anayekimbia huulizwa ameshiba nini. Mwanamke huulizwa nyumba amemwachia nani, na mavazi yake yakajadiliwa hadharani, na wanaoona aibu kumtukana humpa onyo lililovikwa huruma kwamba njia si salama. Usalama ni suala la kweli, na katika eneo ambako wanawake wameshambuliwa kwa miaka mingi hakuna haki ya kulipuuza. Jibu lake ni wanawake wanne au watano kukimbia pamoja mchana kweupe kwenye barabara yenye watu, jambo lisilogharimu chochote ila mtaa uache kuwazomea.

Wapo watakaokubali mbio kwa sharti moja, kwamba zilete medali, na watamtaja Makorobondo Salukombo, maarufu kwa jina la Dee, mwana wa Kirotshe katika Masisi, ambaye familia yake ilikimbia vita ikafikia Cleveland nchini Marekani, naye akarudi kuwafundisha mbio vijana wa kwao, na mwaka 2016 akaiwakilisha Kongo katika marathoni ya Olimpiki mjini Rio, katika michezo ileile ambayo Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5,000 chini ya bendera hiyohiyo. Majina hayo yanastahili kutajwa na kufundishwa shuleni. Lakini sharti lenyewe likataliwe, kwa sababu linamwacha mshonaji wa Ndosho mahali palepale: hatakwenda Rio, hatamaliza wa kwanza popote, na moyo wake unahitaji dakika 75 hizo kama wa mtu mwingine yeyote.

Jambo moja linaweza kufanyika bila fedha. Asubuhi ya Jumamosi ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mji, magari na maduka husimama na barabara hubaki kwa watembea kwa miguu. Addis Ababa, tangu mwishoni mwa mwaka 2018, imekuwa ikifunga baadhi ya barabara zake Jumapili moja ya mwezi ili watu watembee, wakimbie na waendeshe baiskeli. Goma barabara tayari inazifunga. Wakuu wa mitaa wangeongeza saa moja baada ya mafagio kuwekwa chini, kabla pikipiki hazijarudi, na kuwaachia wanaotaka kukimbia, wanawake wakitangulia.