Safaricom Ina Vikosi, Dada wa M-Pesa Mishomoroni Yuko Gani?

Msee, Safaricom imebadilisha vile watu wake wanapiga kazi. Peter Ndegwa alishika usukani Aprili 2020, na chini yake mtindo wa ajaili ukaingia kampuni nzima: vikosi vidogo, anayeandika programu na anayejua soko meza moja. Vikosi vikiungana vinaitwa kabila. Jina lilivumishwa na Spotify ya Uswidi, lakini hapa Kenya, aki, si wangetafuta lingine?

Kikosi kimoja ni rahisi. Noma ni vikiwa vingi, kila kimoja kinangoja kingine, na mambo ya M-Pesa bado lazima Benki Kuu ikubali.

Sasa yule dada wa M-Pesa hapa Mishomoroni, anayekula lawama za wateja tangu asubuhi, hayuko kikosi chochote. Mimi ningeanza na yeye.