Lugha ya kubuni: Je, sikio hugundua silabi iliyokatazwa?

Mtu akisema "nyumba nrefu", hata mtoto atamsahihisha: sema "ndefu". Mtoto huyo hakufundishwa kanuni. Sikio lake limeizoea tangu utotoni. Lakini lugha iliyotungwa na mtu mmoja, ambayo wengi hujifunza ukubwani, inalindwa na nani?

Tuchukue Toki Pona, iliyotungwa na Sonja Lang wa Kanada na kutangazwa mwaka 2001. Ina herufi 14 na maneno ya msingi yapatayo 120. Silabi nne zimekatazwa: "ti", "wo", "wu" na "ji", ambapo "j" husomwa kama "y" yetu. Ndiyo maana Haiti huitwa Awisi, na Ethiopia ni Isijopija.

Kwa maoni yetu, silabi hizo hazigunduliki kwa urahisi uleule. "Ti" ikipenya, husikika waziwazi. Lakini "wu" na "u" hukaribiana mno, vivyo hivyo "yi" na "i", na kosa linaweza kupita kimyakimya.

Tena kuna mtego. Anayeyajua maneno yote 120 akishtuka kusikia "tila", huenda ameshtushwa na ugeni wa neno, si na silabi.

Kipimo cha kweli ni jina jipya la mtu au mji. Akigeuza "ti" kuwa "si" bila kufikiri, kama sisi tunavyosema "ndefu", basi kanuni imetoka kitabuni na kuingia sikioni. Hapo lugha ya kubuni imepata walinzi wake.